Nyumba kwa Nyumba: Tusingojee Kilio



Mwezi huu tuzungumze juu ya jirani. Siyo jirani wa katekismu, yule ambaye ni kila mtu wa dunia nzima, na ambaye ni mwepesi kumpenda juu hatujamwona. Nataka kusema juu ya yule wa upande wa pili wa ukuta. Unasikia redio yake. Harufu ya samaki yake inaingia ndani mwako. Unajua saa gani bwana wake anarudi, unajua kama amerudi na feza ao mikono mitupu. Lakini mtoto wake wa tatu anaitwa nani? Na yeye mwenyewe alizaliwa wapi? Wengi kati yetu hatuwezi kujibu, na tumekaa naye miaka mine.

Kuna mtu atasema: "Eh, mambo ya jirani sisi tunaijua. Siye batu ba Afrika tunapendanaka, hatuko sawa Bazungu benye kufwa mu nyumba mwezi muzima na hakuna mutu anajua." Neno hili tunapenda kulisema, na linatupendeza. Mimi silikubali lote. Kijijini, ndiyo: yule wa karibu ni ndugu, ao ni shemeji, ao ni mtu wa ukoo uleule, na usipomsalimia asubuhi mzee atakuita mbele ya jua kushuka. Lakini ndani ya miji yetu ya migodi haikuwa vile hata siku moja. Sisi ni wajukuu wa watu waliookotwa huku na kule.

Mkumbuke vile ilianza. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mji ambao leo ni Lubumbashi ulianza mwaka 1910. Wazungu waliuita Élisabethville, na ni paka mwaka 1966 ulipata jina la leo. Kompani ilihitaji mikono, na mikono ya hapa haikutosha. Ikatafuta watu Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, ikatafuta Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi. Mwanzoni walikuja wanaume peke yao, wakatumika miezi michache, kiisha wakarudi kwao, wale waliobaki wazima. Karibu na mwaka 1928 kompani ikageuza mpango: mtu afanye mapatano ya miaka mitatu, na bibi yake aje, na watoto wazaliwe hapa. Ndipo kampi zikajaa. Na yule aliyegawa nyumba hakuuliza mtu, "Wewe unasema luga gani?" Alitazama namba tu. Muluba wa Kasai akapata ukuta mmoja na Mubemba, na Murundi akachota maji kwenye bomba moja na Mulunda. Bamama wale hawakusikilizana hata neno la kuomba moto. Watoto wao wakacheza pamoja, wakagombana pamoja, na katika ile michezo Kiswahili chetu, hiki unachosoma sasa, kilipata nguvu. Wale wa Dar es Salaam wanatucheka juu yake. Wacheke. Luga hii imekomaa kati ya majirani wasiokuwa na luga ya mama mmoja.

Ni ndani ya maisha yale Padri Placide Tempels aliwakuta watu wa Kolwezi katika miaka ya 1950. Wengi wanamjua kwa kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu, cha mwaka 1945. Lakini wazee wa kampi wanamkumbuka juu ya Jamaa. Hakuanza na mafundisho. Alianza kwa kuuliza wafanyakazi na bibi zao wanatamani nini ndani ya moyo. Maneno yaliyobaki ni matatu: uzima, uzazi, mapendo. Watu wakaanza kutembeleana nyumba kwa nyumba, bwana na bibi pamoja, na kuitana baba na mama hata kama kabila ni mbalimbali. Najua kwamba nyuma kulikuwa magumu kati ya Jamaa na maaskofu, na makundi mengine yalipotea njia. Sitaki kufungua shauri lile hapa. Ninachotaka tuone ni kimoja: watu wale waliokuwa na nyumba ya kompani, posho ya kompani, hospitali ya kompani na masomo ya kompani, bado walisikia njaa ya kitu ambacho kompani haikuweza kugawa na posho.

Tena kompani ilijaribu kuwa kila kitu. Ilikuwa baba, ilikuwa mama, ilikuwa mjomba. Mtoto akizaliwa, kompani iko pale; mtu akifwa, kompani inatoa sanduku. Hata kiisha serikali kuichukua mwaka 1967, na ilipopata jina la Gécamines, desturi ile iliendelea. Ukikosa unga hauendi kwa jirani, unangoja siku ya posho. Ndiyo sababu ninasema kompani ilituweka karibu karibu, lakini haikutufundisha kuhitajiana. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu mwaka 2001, na katika jina lake anawaita wenyeji wa kampi Bana Shaba, walioachwa na baba yao. Baba ndiye kompani. Mwezi wa tisa wa mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, kiisha mishahara ikachelewa, mwezi mmoja, miezi mitatu, mwaka. Mwaka 2003 na mwanzo wa 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile waliyoita kuondoka kwa kupenda. Baba alikuwa amekwenda. Ni nani alibaki? Alibaki yule wa upande wa pili wa ukuta.

Hapa inafaa tuseme neno zito, na ninaomba vijana wasipite mbio, juu wengi hawajaambiwa nyumbani.

Mwaka 1992, kuanzia mwezi wa nane na wa tisa, ku Likasi, na mwaka 1993, mwezi wa tatu, ku Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Wakubwa wa siasa walikuwa wamepanda maneno mbele: kwamba hawa ni wageni, wanakula kazi zetu, waende kwao. Waliitwa kwa jina la wadudu. Nyumba zilichomwa, vitu vilichukuliwa, watu waliuawa. Watu zaidi ya 100,000 walilazimishwa kuondoka, na wengi wao walikuwa wamezaliwa hapahapa, hawajaona Kasai hata kwa macho. Walilala kwenye kituo cha treni ku Likasi na ku Kolwezi, siyo usiku mmoja, ni wiki na miezi, wakingoja mabehewa, na watoto wakafwa pale kwa magonjwa ya tumbo, kwa baridi, kwa njaa. Lubumbashi haikuungua kwa namna ile, lakini woga uliingia kila kartye.

Sasa tujiulize: waliochukua milango na mabati walitoka wapi? Wengine walitoka mbali, ndiyo. Lakini kumchagua mtu kati ya nyumba ishirini za mstari mmoja, inahitaji mtu anayejua. "Kwa huyu. Kwa yule hapana." Kile kidole kilikuwa cha jirani. Na wale waliopona, wengi watakuambia kwamba ni jirani pia aliwaficha ndani ya chumba cha nyuma, ao aliwapelekea bukari kituoni usiku. Mitaa ileile, kampi ileile, parokia ileile, watu waliokomunika siku ya Mungu kwenye msitari mmoja. Nimefikiri mara mingi tofauti ilikuwa wapi. Haikuwa masomo: wenye masomo walikuwa kwa pande zote mbili. Haikuwa hata sala, na inaniuma kuandika hivi ndani ya gazeti la kanisa. Ninaona kwamba siku neno baya lilipofika, kwa mtu mmoja lilikuta "Mukasai", na kwa mwingine lilikuta Mama fulani, yule aliyemshika mtoto siku ya kuzaliwa. Neno baya lilikosa pa kuingia.

Ndani ya Injili ya Luka, sura ya 10, mwalimu wa sheria anamwuliza Yezu jirani wake ni nani. Mnajua jibu: anapewa hadisi ya mtu aliyepigwa njiani, na yule anayesimama kumsaidia ni wa kabila ambalo wasikilizaji hawakupenda hata kulitaja. Tumezoea hadisi ile mno. Mtu akitaka kuisikia upya, abadilishe Samaria, aweke jina la kabila lile ambalo baba yake nyumbani analisema kwa sauti ya chini.

Basi, tunajenga namna gani? Tuanze na chumvi.

Chumvi, ao makala mawili ya kuwashia moto, ao sindano. Watu wengi wanafikiri urafiki na jirani unaanza kwa kutoa. Mimi ninaona unaanza kwa kuomba. Mama anayetoa kila siku na haombi hata siku moja, watu wanamheshimu, lakini hawamkaribii. Wanaona deni linapanda na hawana njia ya kulipa. Yule anayekuja na kikombe na kusema, "Mama Ilunga, nisaidie mafuta kidogo, nitarudisha kesho," amekuambia kwamba anakutegemea. Kesho akirudisha, unaketi naye dakika tano. Mnasema juu ya bei ya unga. Kiisha mwezi, unajua kama mtoto wake ana ugonjwa wa damu, na usiku akipiga ukuta unajua ni nini na unavaa viatu mbele ya kuuliza. Siku hizi nyumba nyingi zimejengewa ukuta wa matafali mpaka juu, na vyupa vilivyovunjika juu yake, na mlango wa chuma. Sikatai, wezi wako. Lakini ukuta ule haukatazi kuomba chumvi. Bamama wengine wanaona haya: "Watasema sina." Na waseme. Nani ndani ya kartye yetu ana kila kitu?

Angalizo moja tu: kilichoombwa kirudi. Kikombe cha mafuta kisicho rudi kimevunja urafiki zaidi kuliko matusi. Na likelemba ni vile vile. Mnajua mpango wake: bamama kumi na wawili, kila mmoja anatoa, tuseme, 5,000 FC kila juma, na mmoja anapokea 60,000 FC zote, zamu kwa zamu mpaka wote wamepita. Hakuna karatasi ya serikali, hakuna banki, hakuna faida ya kulipa juu yake. Kinachoifunga ni kwamba unajua mlango wa kila mmoja. Ndiyo maana ninashauri zamu ya kwanza asipewe mpangaji aliyefika jana, siyo juu ni mwizi, lakini juu tunamweka katika majaribu. Apewe katikati. Na yule mwenye mgonjwa ao mwenye mtoto anayefukuzwa masomo juu ya feza, likelemba nzuri inajua kumpisha mbele bila kelele. Nimeona likelemba ikipita miaka kumi kwa sababu ya ile hekima ndogo, na nimeona nyingine ikifwa kwa juma la tatu kwa sababu mwenye kushika feza alikuwa mwenye kushika pia habari za kila nyumba na kuzitembeza.

Tuje kwa kilio, juu huko ndiko nguvu yetu iko, na ndiko pia ugonjwa wetu unaonekana.

Hakuna watu wanaojua kilio sawa watu wa miji yetu. Mtu anakufwa saa nane ya usiku. Mbele ya jua kuonekana, bamama wamekwisha kufika na mikeka. Mmoja anashika fagio, mmoja anawasha moto, mmoja anachukua watoto wa marehemu kwenda kuoga na kula kwake. Vijana wanatafuta bashi ya kufunika na viti vya parokia. Batata wanazunguka moto inje, wanazungumza chini chini, wengine wanalala kwenye viti. Hakuna mtu anauliza marehemu alisali wapi: Wametodisti, Wakatolika, wale wa Kanisa Jipya la Mitume, hata wale wenye kuimba usiku kucha ndani ya nyumba ya jirani na kukosesha watu usingizi, wote wako. Mwanaume mwenye mwandiko mzuri anaketi na kaye, anaandika jina na makuta ya kila mtu. (Kaye ile, mimi siipendi sana. Ninajua ni ya lazima. Lakini kiisha maziko kuna watu wanaisoma sawa askari, kutafuta nani hakutoa, na ile hesabu inazaa uadui wa miaka.) Mgeni kutoka mbali akiona kilio chetu atasema: hawa watu ni jamaa moja. Na siku ile, ni kweli.

Sasa nina swali. Marehemu huyu alilala mgonjwa miezi miwili. Ni wangapi kati ya wale wa chini ya bashi walimwingilia kumwona? Feza ya sanduku imepatikana kwa siku mbili. Feza ya kipimo na ya dawa, bibi yake aliitafuta mlango kwa mlango, na watu walimwambia arudi mwisho wa mwezi. Hatusemi kwamba angepona. Mungu ndiye anajua. Ninasema tu kwamba kaye, bashi na miguu ile ya usiku viko, vimezoea, vinajua njia. Vinangoja tu lufu ili vitembee. Kwa nini kaye isifunguliwe wakati mtu angali anapumua? Bamama watatu wapokezane kupikia mgonjwa, siku mbili mbili. Kijana mmoja achote maji. Baba mmoja mwenye nafasi amsindikize hospitali, juu mgonjwa mwenye kusindikizwa anapokelewa kwa macho mengine, hili kila mtu analijua. Haihitaji mkutano. Inahitaji mtu mmoja wa kuanza, na mara mingi ni mama mwenye watoto sita ambaye tayari hana nafasi.

Kuna nguvu nyingine inayojaribu majirani kuliko ugonjwa. Ni feza yenye kutoka chini ya ardi. Mwaka 2014, ku Kolwezi, kartye ya Kasulo, mtu mmoja alichimba shimo ndani ya lupango lake na akakuta jiwe la cobalt. Habari haikukaa siku mbili. Kila mtu akachimba: ndani ya lupango, nyuma ya jikoni, hata ndani ya chumba cha kulala. Mashimo yakashuka mita kumi, ishirini, na zaidi. Wachimbaji walikuja kutoka kila pande, mwenye lupango akapata sehemu yake, na kuna watu waliojenga nyumba nzuri na kununua motokari, tusiwahukumu. Walikuwa wamengoja mshahara miaka mingi. Lakini chini kule hakuna mpaka wa lupango. Yule aliyefuata jiwe alifuata jiwe. Aliingia chini ya nyumba ya jirani usiku, na jirani akaamka kuona ukuta umepasuka, ao akasikia nyundo chini ya kitanda chake. Yeye naye akachimba, juu asipochimba, mali yake itatokea kwa mlango wa mwenzake. Vumbi ikaingia ndani ya sufuria za wote. Watu walizikwa ndani ya mashimo. Mwaka 2017 serikali ya Lualaba ikahamisha mamia ya jamaa, sehemu ya kartye ikafungwa kwa ukuta na kupewa kompani moja. Waliozoeana miaka mingi wakatawanyika kila mtu na feza yake ya kuhama.

Wengine wanaeleza Kasulo sawa hadisi ya watu wenye tamaa. Mimi sioni hivyo. Ninaona watu ambao hawakuwa na mahali pa kuketi pamoja na kusema, "Tuchimbe namna gani, tuachie nyumba gani, nani achunge watoto?" Mbele ya jiwe, labda ingewezekana. Kiisha jiwe, ilikuwa mbio. Na kule chini ya Kolwezi na Likasi, ndugu zangu, mawe hayajaisha.

Mahali pa kuketi pamoja tunapo, wengine watasema: ni shirika. Ndiyo. Maaskofu wa Kongo tangu mwaka 1961 walichagua kanisa likae ndani ya jumuiya ndogo za watu wa mtaa mmoja, na uzuri wake ni kwamba shirika halifuati kabila, linafuata barabara. Yule unayesali naye ndiye unayesikia redio yake. Lakini tuangalie lisigeuke ukuta mwingine. Shirika linalosali Rozari ndani ya lupango, na mpangaji wa nyuma ambaye ni wa kanisa lingine amezima redio yake kwa heshima na anangoja wamalize ili apite kwenda chooni, na hakuna mtu amemsalimia, shirika hilo limesali, lakini bado halijatoka ndani ya nyumba. Kama kuna kazi ya kufagia mtaro wakati wa mvua, aitwe naye. Mtaro hauna dini.

Kwa watoto kugombana, nitasema fupi: ugomvi wa watoto unaisha mbele ya bukari kupikwa, ule wa mama zao unaweza kufika ubatizo ujao. Muwaache. Na neno la buloji, mama mzee wa karibu akisemwa kwamba "anakula" watoto, usilibebe mlango wa pili. Mara mingi mama yule ni mjane, hana mtu, na lupango lake linatamaniwa.

Sasa ninyi vijana. Najua mnachoka na sisi wazee. Mnakaa na telefone, mna marafiki wa Lusaka, wa Kinshasa, wa Ubeligiji, na ni vizuri. Lakini siku nyumba inaungua, rafiki wa Ubeligiji atatuma picha ya machozi. Kitu kimoja ninawaomba kuliko vyote: ujumbe wa sauti unaotukana kabila fulani, wenye kusema hawa wamekuja kutufukuza, hawa watatuua, usiutume mbele. Mwaka 1992 neno lile lilihitaji uwanja na kipaza sauti. Leo linahitaji kidole chako tu. Na umpira wenu wa jioni, mwenye kugawa timu, usigawe kwa kabila wala kwa barabara ya wenye nyumba na barabara ya wapangaji. Changanya. Watu waliopigiana pasi miaka mitano hawawezi kuchongewa upesi.

Kuna jambo moja liko mlangoni petu wakati huu. Kiisha vita ya Kasai ya mwaka 2016 na 2017, jamaa nyingi zilipanda treni na malori, zikafika Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Zingine zingali zinafika. Wanapanga chumba kimoja watu wanane, wanauza mayai ya kuchemsha na makala, hawajasikia vizuri Kiswahili chetu. Na ninasikia tena, kwenye basi na hata kwenye mlango wa kanisa, sauti ileile ya mwaka 1992: "Bamekuwa bengi sasa." Mzee mmoja wa kampi, mtoto wa mfanyakazi aliyeletwa na treni, alikuwa anaitikia. Baba yake alishuka kwenye kituo hichohicho na sanduku la miti.

Siku ya posho yenyi kuja, kama ndani ya mtaa wenu kuna jamaa ya namna ile, umtume mtoto wako, siyo mtumishi, na sahani ya sombe iliyofunikwa. Siyo mingi, isiwe mzigo juu yao. Mtoto aseme jina lake, aulize jina la mtoto wa kule. Sahani itarudi na kitu ndani yake, labda karanga kidogo. Uipokee kwa mikono miwili na usiseme "hapana, musijisumbue," juu hapo ungewanyima nafasi ya kulipa. Wasipofungua mlango mara ya kwanza, inawezekana wanaogopa. Wana sababu. Mtoto arudi tena siku ya pili.